Siku ya Mwisho ni Ijumaa

Mke wa mhasibu wa chuo alikuja Jumatatu asubuhi, futi kamba shingoni, akabisha hodi kwa adabu zote, akasema amekuja kupima madirisha.

"Madirisha ya nani?" msusi akauliza. Alikuwa na kitana mdomoni na kichwa cha mteja mapajani.

"Haya haya. Si kwa ubaya, mama. Ni vile mapazia yanashonwa polepole. Mwalimu akikwama Ijumaa, nyumba tunapewa sisi, na mimi sitaki kuhamia nyumba isiyo na pazia. Watu watatuchungulia."

Basi akapima. Akapanda juu ya kiti cha wateja na viatu vyake miguuni, akaomba ashikiwe ncha ya pili ya kamba, na msusi akashika. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine yote, kwamba alishika. Mke wa mhasibu alipomaliza alishuka, akafuta kiti kwa kiganja, akaitazama rafu ya ukutani yenye mafuta ya nywele. "Na hii mtaiacha, au mtaing'oa?"

Nyumba ilikuwa ya chuo. Chuo chenyewe kilikuwa cha theolojia, kidogo, chenye kengele kubwa kuliko darasa, na mume wa msusi alifundisha pale. Mwaka ule chuo kilitoa amri: mwalimu asiye na udaktari aache kazi, na akiacha kazi aache na nyumba. Na chumba cha mbele cha nyumba ile ndicho kilichokuwa saluni. Kwa hiyo Mwalimu akianguka, anaanguka na mke, watoto wawili, draya moja na vioo vitatu.

Mtaani walimwita Mwalimu Bado. Tangu zamani kila aliyemuuliza kama tasnifu yake imekwisha alijibiwa neno hilo hilo, bado. Wanafunzi waliomkuta akiandika sura ya kwanza waliondoka, wakaoa, wakarudi kumsalimia wakiwa na vitambi, wakamkuta bado. Alikuwa akiandika juu ya Masihi na siku za mwisho. Angeweza kukueleza hata usingizini kwa nini watu walingoja mfalme wa vita wakaletewa seremala, ila hakujua nyumbani kwake sukari inakaa wapi.

"Masihi," alipenda kusema akiwa mezani, kijiko hewani, "maana yake ni Mpakwa Mafuta."

"Hata wewe umepakwa," msusi alimjibu siku moja. "Chuo kinakupaka miaka yote hii, kwa mgongo wa chupa."

Mwalimu alicheka, kisha akaenda kuandika. Lakini safari hii hapakuwa na mzaha. Tasnifu ilikuwa imekwisha kweli, imejalidiwa, na Ijumaa angekaa mbele ya jopo aitetee. Baada ya Ijumaa hakuna nafasi nyingine.

Jumanne alikuja Mama Taarifa, mke wa fundi viatu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Msusi alimwosha nywele, akamzungushia vibiringisho, akamkalisha chini ya draya, na draya ile ilikuwa ya zamani, ikiwashwa inanguruma hadi vioo vinatetemeka.

"Shemeji vipi?" Mama Taarifa akauliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia kwa kelele. "Bado yuko na vitabu vyake?"

"Sasa basi. Siku ya mwisho ya kutetea tasnifu ni Ijumaa!"

Draya ikameza maneno matatu. Mengine ikayaacha yapite.

"Siku ya mwisho ni Ijumaa?"

"Ijumaa hii!"

"Nani kasema?"

"Mwalimu mwenyewe. Hana shaka kabisa."

Mama Taarifa akanyamaza, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote asiyekuwa na mawazo mengine. Msusi hakushtuka. Alikuwa amejaa moyoni, na mtu aliyejaa hahitaji kuulizwa mara mbili.

"Saa nne asubuhi," akaendelea kwa kelele, akitafuta pini. "Wazee watakaa mbele kwenye viti virefu, wamevaa majoho. Vitabu vitafunguliwa. Anaulizwa kila alichokiandika, neno kwa neno, habari za Masihi. Ukijibu vizuri unapita. Ukishindwa unatupwa nje."

"Nje!"

"Nje, na watoto wako, na vyombo vyako."

"Watoto nao? Wamekosa nini watoto?"

"Hawajakosa kitu. Lakini ndivyo ilivyoamuliwa huko juu."

Mama Taarifa akashika kifua. "Na wewe umetulia hivyo, unanitengeneza nywele?"

"Sasa nifanye nini, dada? Nimesali mpaka magoti yameota sugu. Usitikise kichwa, vibiringisho vitachomoka."

Mama Taarifa hakusubiri hata nywele zikauke. Aliondoka na vibiringisho vyake kichwani, mbio, kupitia bucha, kinyozi, na kila mlango uliokuwa wazi.

Kesho yake msusi alifungua saluni akakuta foleni.

Hakuwahi kuona foleni mlangoni kwake. Walikaa kwenye benchi, kwenye ndoo zilizopinduliwa, wengine wakasimama juani na vitana vyao wenyewe mikononi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene anayeuza mitumba, aliyekuwa akija mara moja kwa mwaka na bado akalalamika.

"Nisuke inayodumu," akasema.

"Idumu mpaka lini?"

"Milele."

Wa pili alitaka mtindo wa unyenyekevu, ila umpendeze. Wa tatu aliuliza kama nywele za bandia zinahesabiwa kuwa uongo, msusi akamwambia hazihesabiwi, yule mama akashusha pumzi hadi mabega yakalegea. Ng'ambo ya barabara kinyozi naye alikuwa amezidiwa. Wanaume walipanga mstari kimya, kofia mikononi.

Msusi alisuka mpaka vidole vikafa ganzi. Moyoni alijua sababu: wamesikia habari za Ijumaa, wamekuja kumshika mkono. Alikuwa akiwaita wambeya watu hawa, kumbe wana utu! Aliingia jikoni mara mbili kujifuta machozi.

Alasiri mwenye bucha alikuja na ngazi begani.

"Mpe Mwalimu. Ni yake. Nilimwambia iliibiwa."

"Kwani haikuibiwa?"

"Iliibiwa," mwenye bucha akasema, akitazama viatu vyake. "Na mimi."

Mwalimu mwenyewe hakuona foleni wala ngazi. Alikuwa chumbani, taulo shingoni, akikihutubia kioo. "Wako waliomngoja Masihi kama mfalme," alikuwa akisema, "wako waliomngoja kama kuhani, na wako waliomngoja aje na mawingu. Hoja yangu ni kwamba alipokuja, siku za mwisho zilianza. Na bado tunazingoja."

Msusi alisimama mlangoni na chai. "Zimeanza, au tunazingoja?"

"Yote mawili."

"Ndiyo maana hawakupi hicho cheti, mume wangu. Kesho kutwa chagua moja."

Aliporudi saluni alimkuta mke wa mhasibu, safari hii bila futi kamba, macho mekundu.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Kwa yale madirisha."

"Yamepita."

"Hayajapita. Nilikudharau. Na mapazia yenyewe sasa ya nini? Ijumaa hakuna atakayehitaji pazia."

Msusi akamsogelea. "Una maana wameshaamua? Wameshamkataa?"

"Nani ajuaye nani atakataliwa! Nakuomba tu, tukikutana kule juu, usinikumbushe."

"Juu wapi?"

Mke wa mhasibu akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Si mwisho wa dunia Ijumaa? Mumeo ametangaza! Saa nne, viti vya enzi, majoho, vitabu vinafunguliwa. Mama Taarifa amepita nyumba kwa nyumba. Unashangaa nini, wakati ni wewe uliyemwambia?"

Kitana kikamdondoka msusi. Akaitazama draya. Akawatazama wale waliobaki kwenye foleni, nao wakamtazama kwa macho ya upole uliopita kiasi, na utu wote aliokuwa ameuona tangu asubuhi ukamgeukia kuwa mashtaka. Maana kama kuna jambo moja alilolijua katika tasnifu ya mumewe, ni lile la sura ya tatu, alilolisikia kupitia ukuta mpaka akalikariri: hakuna aijuaye siku wala saa, na anayetaja tarehe ni mwongo au mgonjwa. Na yeye, mke wake wa ndoa, alikuwa amemtajia tarehe mtaa mzima.

Mkuu wa chuo alikuja Alhamisi, kabla Mwalimu hajamaliza kifungua kinywa. Hakukaa. Alisimama katikati ya vioo, kwa hiyo walikuwa wakuu wengi, wote wamekasirika.

"Mwalimu, umetangaza tarehe?"

"Tarehe ya nini?"

"Ya kurudi kwa Bwana."

Mwalimu akacheka. Akacheka peke yake, kisha akaacha.

"Simu yangu hailali," Mkuu akasema. "Wazazi wanaulizia watoto wao. Mpishi wa chuo amekuja ofisini kuungama habari za mafuta ya kupikia, na sasa najua mambo ambayo sikutaka kuyajua. Kesho anakuja profesa mgeni kukusikiliza ukitetea kwamba tarehe haijulikani, akute mtaa mzima umevaa nguo nyeupe kwa sababu yako? Tutaiweka wapi sura?"

"Mkuu, mimi sijasema neno."

"Basi waambie wao. Leo saa kumi, hapa nje, mbele yangu. Neno moja tu linatosha: hapana. Bila hilo, kesho hakuna utetezi."

Msusi alikuwa amesimama karibu na draya, ufagio mkononi. Alifungua mdomo. Ukatoka upepo. Akaufunga, akafagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa.

Saa kumi watu walijaa mpaka barabara ikazibwa. Walipendeza! Haijapata kuonekana hadhara iliyosukwa vizuri namna ile. Mwalimu akapanda juu ya kiti cha wateja, akarekebisha miwani, na Mkuu akajipanga kando yake, mikono nyuma.

"Mwalimu," mwenye bucha akapaza sauti, "tuambie wazi. Mwisho ni kesho?"

"Siwezi kusema ndiyo," Mwalimu akasema.

Watu wakashusha pumzi. Mkuu akatabasamu.

"Wala," Mwalimu akaendelea, "siwezi kusema hapana."

Loh! Pakawa hapatoshi. Mama mmoja akaanza kuimba, mwingine akamwita mtoto wake kwa jina la ubatizo. Mkuu akamvuta Mwalimu suruali. "Neno moja, Mwalimu! Moja!"

"Mkuu, nikisema si kesho, nitakuwa nimeijua siku. Na hakuna aijuaye, hata malaika, sembuse mimi! Nitasimamaje kesho kuitetea sura ya tatu, na leo nimeivunja?"

"Kwa hiyo yaweza kuwa kesho?" akauliza fundi viatu.

"Kinadharia..."

"Kinadharia ni saa ngapi?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Msusi aliyaona yote yakienda. Nyumba, saluni, kazi, yote yanakwenda kwa sababu mumewe hawezi kusema uongo mdogo, na kwa sababu yeye hawezi kusema ukweli mdogo. Basi maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alitupa ufagio, akapenya, akamshusha Mwalimu kwa kumvuta mkono wa shati, akapanda yeye.

"Ni mimi!" akasema. "Mwalimu hana habari. Ni mimi niliyemwambia Mama Taarifa siku ya mwisho ya kutetea tasnifu. Tasnifu! Mtihani wake wa chuo! Wenye majoho ni wasahihishaji. Vitabu ni vyake. Wanaotupwa nje ni sisi, kutoka nyumba hii. Draya ilikuwa inanguruma, na mimi nikaropoka, na nilipojua nikaogopa kusema. Nisameheni."

Ungedhani watu watashangilia kwamba dunia ipo. Thubutu!

"Nimemwambia mume wangu kila kitu!" Mama Taarifa akalia. "Kila kitu! Hata habari za kile kiwanja!"

"Na mimi nimeshakusamehe," fundi viatu akasema kwa uchungu. "Sasa msamaha nao unarudishwa?"

"Naomba ngazi yangu," mwenye bucha akasema.

"Ngazi yako?" wakamjibu watu kwa pamoja, naye akarudi nyuma.

Mkuu wa chuo alijifuta jasho. Utetezi utakuwepo, akasema, saa nne kamili. Kisha akamgeukia msusi mbele ya wote. "Na wewe, mama, jifunze kusuka nywele bila kusuka maneno." Watu wakacheka. Msusi akashuka kitini bila kumtazama mtu. Mwalimu alikuwa ameshaingia ndani, na jioni ile alikula chakula chake chote bila kumsemesha mkewe neno.

Ijumaa ukumbi wa chuo ulijaa. Walikuja wote, mama wa mitumba, mwenye bucha, fundi viatu na mkewe waliokaa wakiwa wameachana kiti kimoja. Nywele zilikuwa zimeshasukwa, na hazikuwa na pengine pa kwenda.

Mbele walikaa wenye majoho, na katikati yao profesa mgeni, bibi mzee mwembamba aliyekuwa akifungua kurasa kwa ncha ya kalamu. Mwalimu alijibu habari za mfalme na kuhani, akajibu habari za mawingu, akajibu vizuri mpaka msusi, aliyejibanza mstari wa nyuma, akaanza kupumua. Ndipo bibi akafika sura ya tano.

"Hapa umeandika kwamba mtu akiamini mwisho umefika huiacha dunia, hukunja mikono, hangoji ila mawingu. Nimeona vitabu ulivyotaja. Watu siwaoni. Una ushahidi gani?"

Mwalimu akakohoa. Akautazama ukumbi, kichwa kimoja baada ya kingine, visuko, vishungi, panki zilizokwanguliwa upya. Akavua miwani.

"Sina," akasema. "Sura ya tano si kweli."

Mungu wangu, msusi akasema moyoni, huyu mtu amejichinja kwa kisu chake mwenyewe.

"Wiki hii watu hawa waliamini," Mwalimu akaendelea, "kwa bahati mbaya ya nyumbani kwangu. Nami, kwa niliyosikia mtaani jana, sikupata aliyekunja mikono. Mmoja alirudisha alichochukua. Mmoja aliomba radhi kwa jirani. Kina mama walipanga foleni wasukwe. Niliandika kwamba anayemngoja Masihi huikimbia dunia. Kumbe huifagia, kama mwenye nyumba aliyesikia mgeni yuko njiani. Aliyekunja mikono katika mtaa ule ni mmoja tu. Ni mimi. Nimekaa chumbani miaka yote hii nikiandika juu ya kungoja, na mke wangu akiilisha nyumba."

Mama Taarifa akapenga kamasi. Mkuu wa chuo akafumba macho.

"Mwalimu," profesa mgeni akasema, "mtahiniwa hutetea kazi yake. Wewe umeishtaki."

Wakatolewa wote nje, wajumbe wa jopo washauriane. Walisimama uani juani. Mke wa mhasibu alisogea karibu na msusi, akafikiri, akasogea mbali tena. Mwalimu alikaa peke yake kwenye ngazi za ukumbi. Msusi hakuthubutu kumwendea.

Mlango ulipofunguliwa, ni bibi mwenyewe aliyetoka. Alisema jopo limekubali. Amepita. Sura ya tano aiandike upya yote, na safari hii aandike watu. Mtu anayeweza kuikana sura yake mwenyewe mbele ya hadhara, akasema, ni hasara kumfukuza. Kisha akamwomba msusi kwa sauti ya chini amwelekeze saluni ilipo, maana ndege yake ni ya jioni.

Watu wakapiga vigelegele. Mwenye bucha akambeba Mwalimu juujuu, akamshusha haraka kwa sababu ya mgongo. Hata Mkuu alipiga makofi, taratibu.

Walirudi nyumbani kwa miguu, wao wawili, Mwalimu na joho la kuazima mkononi. Walikuwa wamefika karibu na bucha aliposema neno lake la kwanza kwa mkewe tangu jana.

"Kwa nini hukuniambia mara tu ulipojua?"

"Niliogopa."

"Wewe? Mtaa mzima ulikuwa unatetemeka, na ni wewe peke yako uliyejua kwamba dunia haiishi. Uliogopa nini?"

Msusi akasimama. "Dunia ikiisha tunaondoka wote, hakuna wa kumcheka mwenzake. Dunia yako peke yako ingeisha, tena kwa mdomo wangu, kesho ningeamka nikukute umekaa kitandani unautazama ukuta, na nisingekuwa na la kukuambia. Hiyo ndiyo niliyoiogopa."

Mwalimu, daktari wa siku za mwisho tangu saa sita mchana ule, alilitupia joho begani. Akauchukua mkono wa mkewe, wenye vidole vilivyochubuliwa na nyuzi, akaushika barabarani, mchana kweupe, watu wakitazama. Msusi aliona haya hadi machozi yakamtoka, lakini mkono hakuuondoa.